Umeme wa sola kutoka anga za juu: mimi naangalia antena kwanza

Kila baada ya miezi michache kuna habari inazunguka kwenye magrupu kwamba Wachina, au Wajapani, au Wamarekani wameshaanza kuvuta umeme wa jua kutoka anga za juu, na kwa vile kazi yangu ni antena na maikrowevu basi natumiwa mimi, "kaka hii ni kweli au chai?" Siyo chai, ila imekolezwa sukari. Majaribio yapo, mengine mazuri sana, lakini umeme wa kuwasha hata kijiji kimoja haujashuka kutoka juu mpaka leo, na kinachokwamisha siyo paneli kama wengi wanavyodhani. Ni antena, maana umeme wa kule juu hauna nyaya, unageuzwa kuwa maikrowevu (mawimbi kama ya wifi) na antena ndiyo inayayarusha mpaka chini.

Kwanza kwa nini watu wanahangaika nalo. Nje ya angahewa, mita moja ya mraba inapigwa na jua wati kama 1,361, hakuna wingu wala vumbi, na ukikaa kwenye obiti (njia ya kuzunguka dunia) ile ya kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinapokaa setilaiti za TV, usiku karibu haupo kabisa. Ni vipindi viwili tu kwa mwaka, karibu na Machi na Septemba, ambapo setilaiti inapita kwenye kivuli cha dunia, na hata hapo haizidi dakika 72 kwa siku. Mhandisi Peter Glaser aliliandika wazo hili la kukusanya jua kule juu na kulishusha kwa mwale wa maikrowevu mwaka 1968, akapewa hataza (hati ya umiliki wa ubunifu) 1973, halafu mwishoni mwa miaka ya 70 NASA na wizara ya nishati ya Marekani wakakaa wakalichora kwa kina: setilaiti ya gigawati 5, paneli zimetandazwa kilomita 10 kwa 5, antena ya kurushia yenye kipenyo cha kilomita 1, na huku chini uwanja wa kupokelea wa kilomita 10 kwa 13.

Watu wakiona hizo namba wanacheka, wanasema jamaa walikuwa wanaota. Hawakuwa wanaota, hiyo kilomita moja imetoka kwenye fizikia. Mwale wowote ukisafiri unatanuka, na hesabu yake ni fupi tu: chukua urefu wa wimbi, zidisha kwa umbali, gawanya kwa kipenyo cha antena, halafu zidisha kwa 2.44, unapata upana wa doa litakalotua chini. Masafa waliyochagua ni gigahezi 2.45, jirani kabisa na wifi yako, wimbi lake ni sentimita 12 hivi, kwa hiyo ukiwa na antena ya kilomita 1 kule juu doa linatua na upana wa kilomita 10 na ushee. Sasa jifanye mjanja upunguze antena iwe mita 100. Doa linakuwa kilomita 100 na zaidi, hiyo ni mikoa siyo uwanja. Ukipanda mpaka gigahezi 5.8 unapata nafuu, doa linashuka mpaka kilomita 4.5 hivi, lakini ukizidi kupanda sana mvua inaanza kula mwale wako njiani.

Hapa ndipo mtu anauliza, si turushe visetilaiti vidogo mia, tuvitawanye kwenye eneo la kilomita moja, vishirikiane kama antena moja kubwa? Swali zuri, na kwenye mawasiliano ujanja huo tunautumia, ila kwenye umeme unakugeuka. Ukiacha mapengo mwale wa katikati unakuwa mwembamba kweli, sawa, lakini nguvu inayobaki ndani yake inapungua kwa kiasi kile kile ulichoacha wazi, nyingine yote inamwagika pembeni isikohitajika. Ukijaza asilimia 10 tu ya eneo, tegemea kama asilimia 10 ya nguvu ndiyo itue ulipotaka. Hakuna programu ya kompyuta inayorekebisha hilo.

Kwa hiyo huwezi kuanza kidogo kidogo, na kwangu mimi hili ndilo tatizo kubwa kuliko bei. Sola ya kwenye bati unaanza na paneli moja na balbu mbili, mwakani unaongeza. Hii ya maikrowevu kutoka obiti ya juu ni jengo lisilo na ghorofa ya kwanza, unajenga lote au hujengi.

Ukishajua hivyo ndo unaweza kusoma habari za majaribio bila kupigwa changa la macho. Mwaka 1975 kule Goldstone, California, William Brown na wenzake walirusha maikrowevu umbali wa kilomita 1.54 na kupata zaidi ya kilowati 30 za umeme upande wa pili, na vile vipokezi vyao (ni antena ndogo ndogo, kila moja na dayodi yake ya kugeuza wimbi kuwa umeme wa DC, kama wa betri) viligeuza zaidi ya asilimia 80 ya kilichowafikia. Elfu moja mia tisa sabini na tano! Yaani kupokea siyo ishu mpya hata kidogo. Mwaka 2022 chuo cha Xidian, China, walijenga mnara wa mita 75 wakaonyesha mnyororo mzima, jua mpaka umeme mpaka wimbi mpaka umeme tena, wakapata wati 2,081 kwa umbali wa mita 55, na ufanisi wa umeme kwa umeme kama asilimia 15.

Jaribio ninalolipenda mimi ni la Caltech, chuo cha teknolojia cha California, lililorushwa Januari 2023 kwa hela iliyotoka zaidi kwa tajiri mmoja, Donald Bren. Kulikuwa na kifaa kinaitwa MAPLE, ndani yake kuna antena nyepesi zinazopindika, na vipokezi viwili vimekaa kama sentimita 30 hivi kutoka hapo, kila kimoja na taa yake ya LED. Wakawa wanaelekeza mwale bila kusogeza kitu chochote, kwa kupanga tu mawimbi yaliyotoka kwenye kila antena yapishane vipi, taa hii inawaka, wakihamisha inawaka ile. Tarehe 22 Mei wakauelekeza duniani na mwale ukanaswa juu ya paa la maabara yao Pasadena. Ulionaswa ni wa kuonekana kwenye vipimo tu, haukuwa umeme wa kutumia, ila ulitoka obitini na ukafika walikotaka. Kifaa chao kingine, DOLCE, fremu ya mita 1.8 kwa 1.8 ya kujikunjua yenyewe, kilisumbua: waya ulinasa, ikabidi watengeneze tatizo lile lile kwenye modeli iliyokuwa maabara, wakagundua fremu inafunguka vizuri zaidi ikipata joto la jua, ikafunguka baada ya mahangaiko mengi. Mita 1.8. Sasa fikiria kilomita 1.

Bei nayo. Januari 2024 NASA walitoa ripoti yao wakapima miundo miwili ya gigawati 2, ambayo kwa Mtanzania ni karibu sawa na bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Uniti moja ya umeme ilitoka dola 0.61 kwa muundo mmoja na dola 1.59 kwa mwingine, wakati sola na upepo wa ardhini wamekadiria dola 0.02 mpaka 0.05. Sehemu kubwa ya gharama ni kurusha roketi, muundo mwepesi zaidi kati ya hiyo miwili una tani karibu 5,900. Walisema pia mambo mengi yakiboreka kwa pamoja, roketi rahisi, vifaa vinavyodumu na kadhalika, inaweza kushuka mpaka dola 0.03 hadi 0.08, lakini lazima yaboreke yote kwa mpigo.

Na kwa wanaohofia kwamba mwale utakaanga ndege wanaoruka humo, hapana, hawatakaangwa. Muundo ule wa zamani katikati ya mwale ni wati 230 kwa mita ya mraba, jua la mchana mkali linakaribia 1,000. Na mwale unajielekeza kwa kufuata ishara inayotumwa kutoka uwanja wa chini, ishara ikikatika mawimbi yanapoteza mpangilio na nguvu inatawanyika.

Njia ambayo naona inatembea kwa sasa ni leza. Wimbi lake ni la mikroni moja hivi (sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo lenzi ya sentimita 30 tu kutoka kilomita 500 inakupa doa la mita 4, na hapo ndo unaweza kuanza kidogo. Kampuni ya Aetherflux, ya Baiju Bhatt, mmoja wa waanzilishi wa Robinhood (app ya kununua hisa), ilianza na njia hii. DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, nao mwaka 2025 walirusha leza kilomita 8.6 huko New Mexico wakapata zaidi ya wati 800 kwa sekunde 30, mbali kuliko yeyote kabla yao kwa umeme wa kiasi hicho. Ubaya wake ni wingu, likipita umeme umekatika, na setilaiti ya chini inapita juu ya kichwa chako kwa dakika chache tu, kwa hiyo unahitaji nyingi zinazopokezana.

Kwa Ulaya naelewa kwa nini wanalifuatilia, mwezi wa kumi na mbili London jua linaonekana kwa muda wa saa nane tu kwa siku na lenyewe limelala. Sisi tulio karibu na ikweta tuna jua kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku mwaka mzima, tunapolikosa ni usiku tu, na usiku betri ya leo inaumudu. Kuna faida moja tungeipata, setilaiti ya obiti ile ya setilaiti za TV ikikaa juu yetu mwale unashuka wima, uwanja unakuwa duara badala ya yai refu, unaokoa ardhi. Lakini hiyo siyo sababu ya mtu yeyote hapa kusubiri.

Nikiulizwa nani atakuwa mteja wa kwanza wa kulipa, nasema ni setilaiti nyingine. Kule juu hakuna wingu, umbali unaweza kuwa mfupi, na anayenunua hana nguzo ya kuvuta. Kampuni ya Star Catcher wanalenga huko, wakusanye mwanga na kuumulika kwenye paneli ambazo setilaiti tayari inazo, na Machi 2025 walijaribu ndani ya uwanja wa mpira wa Kimarekani kule Jacksonville, Florida. Pale hakuna doa la kilomita 10 wala mtu wa kumhamisha shambani kwake.