Kwa nini kifaru cha plastiki huonekana cha kweli kikishapoteza mng'ao?

Chukua modeli ya kifaru cha vita iliyounganishwa kwa ustadi. Mzinga umenyooka, magurudumu yamekaa sawa, na rangi ni kijani ileile ya jeshi. Iweke mezani karibu na dirisha. Jicho halidanganyiki hata kidogo: hiki ni kitu cha kuchezea watoto. Sasa ipulizie vanishi isiyong'aa, ile ambayo wengi huiita mati, koti moja jembamba, kisha uiache ikauke. Hujaongeza kipande chochote wala hujabadilisha rangi, lakini ukirudi unakuta mezani mtambo wa chuma wa tani thelathini. Kumetokea nini?

Jibu ni kwamba mng'ao hutaja ukubwa wa kitu. Mwanga ukipiga rangi ya plastiki moja kwa moja, takriban asilimia 4 yake hurudi papo hapo kutoka juu ya uso bila hata kuingia ndani ya rangi. Ukipiga kwa pembe iliyolala, kiasi kinachorudi huongezeka sana. Uso ukiwa laini, mwanga huo hurudi kwa mpangilio, umebeba picha ya ulikotoka. Ukiitazama modeli yako kwa makini utaliona dirisha la sebule limejichora ubavuni mwa ule mnara unaobeba mzinga, likiwa na fremu na vyuma vyake vyote.

Fanya hesabu. Kifaru cha Sherman cha Marekani, kile cha Vita vya Pili vya Dunia, kilikuwa na urefu wa mita 5.84. Kwa kipimo cha 1/35, ambacho ndicho maarufu zaidi kwa modeli za vifaru, unapata sentimita 17 hivi. Kwa kipimo hichohicho, dirisha lako la upana wa mita moja linageuka kuwa dirisha la mita 35. Uwanja wa vita hauna kitu cha namna hiyo. Ubongo haupigi hesabu hii kwa namba, lakini unaijua. Ukiona dirisha zima limeenea kwenye bamba la chuma, unakata shauri mara moja kwamba bamba lenyewe ni dogo mno.

Vanishi ya mati inaiua picha hiyo. Ndani yake mna chembechembe za silika, kitu kilekile kinachounda mchanga mwingi, nyingi zikiwa na upana wa mikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Vanishi inapokauka, kimiminika huondoka, utando hunywea, na chembe hizo hubaki zimetokeza juu kama vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho. Mwanga unaozipiga hutawanyika kila upande. Ile asilimia 4 haijapotea. Imetawanywa tu, haiwezi tena kubeba sura ya dirisha. Jicho likikosa ushahidi wa ukubwa, linakubali kile ambacho umbo na rangi vinaliambia.

Na sisi wa Bonde la Ufa tuna sababu ya kulipenda jambo hili zaidi. Ukitoka Gilgil kuelekea Nakuru, kabla ya kufika Elmenteita, kuna Kariandusi. Wengi wanapajua kwa sababu ya mashoka ya mawe ya watu wa kale ambayo Louis Leakey aliyachimbua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Lakini jirani na mashoka hayo kuna machimbo ya udongo mweupe, mwepesi ajabu, unaoacha unga vidoleni. Huo ni diatomaiti: maganda ya silika ya mwani mdogo sana ulioishi katika ziwa la kale, ukafa, ukazama na kurundikana sakafuni kwa miaka isiyohesabika. Viwandani, diatomaiti hutumika kuchuja vinywaji, na hutumika pia kupunguza mng'ao wa rangi. Vanishi nyingi za modeli siku hizi hutumia silika ya kutengenezwa, lakini kazi ni ileile: chembe ndogo ngumu za kuukwaruza mwanga. Mimi huona fahari kujua kwamba dawa ya mng'ao imelala chini ya ardhi ya kaunti yetu.

Majeshi nayo yalikuwa na sababu zao za kuchukia mng'ao. Kioo au bamba linalomeremeta juani huonekana na rubani kutoka mbali sana. Ndiyo maana Wamarekani walipaka magari yao ya vita kijani cha zeituni kisichong'aa, na Wajerumani mwaka 1943 walipoacha kijivu cheusi na kuanza kutumia manjano iliyokoza, rangi hiyo pia ilikuwa mfu, haina mmemetuko. Kwa hiyo modeli isiyong'aa inafuata historia, mbali na kumridhisha mtazamaji.

Kuna jambo la umbali pia, na hapa wengi hushangaa kwamba rangi waliyonunua, iliyoandikwa kabisa kwamba ni sawa na ya kiwandani, inaonekana nyeusi mno. Ukishika modeli ya 1/35 sentimita 40 kutoka usoni, ni sawa na kusimama mita 14 kutoka kwenye kifaru chenyewe. Vitu vya mbali huonekana vimepauka kidogo kwa sababu hewa na vumbi vilivyo katikati hutawanya mwanga, ingawa kwa mita 14 tu athari hiyo ni ndogo mno. La muhimu zaidi, kifaru halisi kinasimama chini ya jua kali na mbingu yote, si chini ya balbu ya chumbani. Kwa hiyo mchoraji mzuri huongeza tone la rangi nyeupe au ya udongo kwenye kijani chake. Vanishi ya mati humsaidia kwa upande huo: mwanga uliotawanyika juu ya uso huongeza weupe kidogo kila mahali, na rangi nyeusi ndizo hupauka zaidi. Zingatia hilo unapochora vivuli. Vifanye vikolee kupita unavyotaka, kwa maana vanishi itavipunguza.

Sasa swali ambalo wanaoanza huuliza kila mara, na ni swali zuri: ikiwa mwisho wake ni kuua mng'ao, mbona mafundi hupaka kwanza vanishi inayong'aa?

Sababu ya kwanza ni vile vibandiko vya nyota, namba na misalaba vinavyolowekwa majini. Ukivibandika juu ya uso wenye mikwaruzo, hewa hunaswa chini ya utando wake na kutoa rangi ya fedha pembeni, na hapo kibandiko hujitangaza kuwa kibandiko. Juu ya uso laini hakuna nafasi ya hewa. Sababu ya pili ni rangi nyepesi ya kuingia mifereji: rangi ya mafuta ya hudhurungi au nyeusi iliyochanganywa na spiriti nyeupe (white spirit, kiyeyusho cha rangi za mafuta) hadi ikawa karibu na maji. Ukigusa mshono wa mlango kwa ncha ya brashi, juu ya uso unaong'aa rangi hiyo hukimbia yenyewe kuufuata mfereji hadi mwisho, na kuona hivyo ni raha kamili. Juu ya uso wa mati hunyonywa palepale na kuacha doa. Kwa hiyo mpangilio ni rangi, vanishi ya kung'aa, vibandiko, rangi ya mifereji, ndipo mati. Rangi ya chini iwe akriliki, ambayo ikishakauka vizuri haiyeyushwi na spiriti nyeupe. Thina ya kupulizia magari usiisogeze karibu kabisa. Modeli nyingi ni za polistirini, na thina hiyo huiyeyusha ikabaki uji.

Halafu ndio uzee: vumbi, kutu, matope, masizi. Kwa maoni yangu hapa ndipo modeli nyingi huharibika, kwa sababu mtu hupaka kutu kila mahali kama kwamba kifaru kilizama ziwani. Bamba nene lililopakwa rangi, kwenye mtambo unaotumika kila siku, halishiki kutu hivyo. Mashine nyingi za vita ziliteketezwa au kuchakaa kabla kutu haijapata nafasi.

Shule nzuri kuliko zote iko barabarani. Simama Muhoroni au Chemelil msimu wa kuvuna miwa, uangalie trekta zinazovuta matrela. Bomba la moshi ndilo lenye kutu nzito, kwa kuwa joto limechoma rangi na kuacha chuma uchi. Ngazi anayokanyaga dereva imechubuka katikati, si pembeni, na hapo chuma kinameta kwa kusuguliwa na viatu. Kuzunguka kifuniko cha tangi la dizeli kuna doa jeusi linalong'aa, vumbi limeganda juu yake. Vumbi lenyewe limelala juu ya sehemu bapa na kujaa kwenye pembe, ilhali pale mikono inaposhika kila siku ni safi. Matope yako chini, mazito nyuma ya magurudumu, na yana tabaka: ya jana yamepauka, ya leo yana weusi wa unyevu. Kifaru huchakaa kwa sheria zilezile. Minyororo yake hushika kutu ya kahawia, lakini pale panapogusa ardhi husuguliwa hadi chuma kikawa cheupe. Hapo sugua unga wa penseli nyeusi kwa kidole, inatosha.

Udongo nao una kabila lake. Vumbi la Nakuru ni la volkeno, kijivu kilichopauka, laini kama podari. Ukienda Kakamega au Kisii unakuta wekundu. Ukishuka uwanda wa Kano, Ahero na viunga vyake, ni udongo mweusi unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Basi ukiunda T-34, kifaru cha Kisovieti, ya Kursk huko Urusi, vita vya Julai 1943, usiitie vumbi jekundu kwa sababu tu ndilo ulilozoea. Nchi ile ina udongo mweusi, na atakayekuonyesha jinsi matope meusi yanavyogeuka kijivu yakikauka kwenye chuma ni boda boda aliyetoka Ahero mvua ikinyesha jana yake.

Sasa turudi kwenye kopo la mati, maana lina ukorofi wake. Silika ni nzito kuliko kimiminika na hutuama chini. Usipotikisa kopo kwa dakika mbili tatu, unapulizia vanishi ya kung'aa, na siku nyingine unapulizia matope ya silika yanayoacha ukungu mweupe juu ya kazi yako. Koti nene huleta ukungu huohuo. Na hali ya hewa ina neno lake, neno kubwa. Kisumu, ziwa likiwa pale, hewa huwa na unyevu, na radi za alasiri ni jambo la kawaida. Vimiminika vinavyokauka haraka hupoza uso wa modeli, mvuke wa maji hugeuka matone juu yake na kunaswa ndani ya utando. Muulize fundi yeyote wa kupuliza rangi za magari atakwambia, "Mvua ikikaribia sipulizi, ndugu yangu, rangi inageuka maziwa." Kisumu, basi, pulizia asubuhi jua likishapanda. Nakuru, iliyo juu zaidi ya mita 1,800, ina tatizo la kinyume siku za kiangazi: hewa kavu na upepo hukausha matone kabla hayajafika, na modeli hupata ukwaruko wa msasa. Sogea karibu, sentimita 20 hivi, funga dirisha la upande wa upepo ila acha njia ya hewa, na uvae barakoa ya kuchuja mvuke. Ukungu ukitokea usilie. Mara nyingi koti la vanishi ya kung'aa hujaza mabonde yale na ukungu hupotea, kisha unarudia mati kwa wepesi.

Bado kuna fumbo moja. Unapaka unga wa rangi, vumbi zuri kabisa kwenye magurudumu, unapulizia mati ili lisianguke, na vumbi linatoweka. Halikupeperuka. Unga mkavu huonekana mweupe kwa sababu kati ya chembe na chembe kuna hewa, na mwanga hutawanyika kila unapotoka hewani kuingia kwenye chembe. Vanishi ikijaza nafasi hizo, tofauti kati ya chembe na mazingira yake inapungua, mwanga unapenya, na vumbi linakolea au kufichika, sawa na ua wa nyumba unavyobadilika rangi ukimwagiwa maji. Kwa hiyo vumbi huja mwisho, baada ya mati. Lishikizwe kwa tone la spiriti nyeupe lililogusishwa pembeni na kuachwa lijisambaze lenyewe, na kuanzia hapo modeli ishikwe kwa chini tu.

Baada ya vumbi, rudisha mng'ao mahali pachache unapostahili, kwa ncha ya brashi: vioo vya darubini za dereva, taa, doa la mafuta kwenye kitovu cha gurudumu, na tope ambalo bado limelowa chini ya ngao ya mnyororo. Kioo cha darubini kwenye modeli ya 1/35 hakizidi milimita chache, kwa hiyo dirisha la sebule haliwezi kujichora humo likatambulika. Linabaki nukta moja ya mwanga, na kifaru halisi kikisimama juani nacho huonyesha nukta kama hiyo.