Igizo la familia kuwa filamu: yanayosemwa Kigoma na yaliyo kweli

Igizo la familia likichezwa likapendeza pale mtaani Mwanga, Kigoma, wiki haiishi kabla hajatokea mtu wa kusema, "Hili litoeni filamu." Ushauri si mbaya. Tabu huanza baada ya hapo, maana kila mwenye simu yenye kamera nzuri ana somo lake la kutoa. Nimechagua yale yanayorudiwa sana, na ili tusiongee hewani nitatumia igizo la kubuni: nyumba moja Ujiji, baba ameuza kiwanja cha urithi kimyakimya, na jioni hiyo shangazi kafika kutoka Kasulu na maswali yake.

"Igizo liko tayari, ni kuweka kamera tu"

Ukiweka kamera mbele ya jukwaa ukarekodi, umepata kumbukumbu ya onyesho. Ina faida yake, ila filamu bado hujaipata. Ukumbini mtazamaji huchagua mwenyewe wa kumtazama. Baba anahutubia, wewe macho yako yako kwa mama kule pembeni, na hakuna wa kukuzuia. Kwenye filamu muongozaji ndiye anayekuchagulia. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya anayegeuza igizo ni kuamua, mstari kwa mstari, tutakuwa tunautazama uso wa nani.

Chukua pale baba anaposema, "Kiwanja nimeshauza." Jukwaani mstari huo ni wake, anautamka ufike hadi viti vya nyuma, ukumbi unaguna. Kwenye filamu kamera ningeipeleka kwa mama. Amekaa mkekani na ungo wa dagaa, anachambua mchanga. Vidole vinasimama. Kisha vinaendelea, ila sasa vinatupa changarawe pamoja na dagaa wazima. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa, lakini tukio limebadilisha mwenyewe: lilikuwa la baba, limekuwa la mama. Na baba anaweza kulisema lile neno kwa sauti ya chini, akiwa anavua viatu, jambo ambalo jukwaani lisingesikika.

Kuna pia suala la kicheko. Mwigizaji wa jukwaani hungoja watu wacheke wamalize, na watazamaji wetu hawaishii kucheka, wanajibu kabisa: "Mpe vidonge vyake!" Ule muda wa kungoja ukiuhamishia kwenye filamu unabaki kimya kisicho na maana, na mhariri hawezi kuuficha kama hakupigwa picha nyingine za kuweka hapo.

"Filamu lazima itoke nje, watu waione Kigoma"

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, tena kwa nia njema. Kila mtu anataka Ziwa Tanganyika kutoka juu kwa droni, boti za Kibirizi, stesheni ya reli, na Liemba, meli iliyoshushwa ziwani mwaka 1915. Vyote vinapendeza. Lakini igizo la familia limefungiwa ndani ya ua kwa sababu. Waliogombana hawana pa kwenda: jiko ni lile lile, bomba ni lile lile, na mgeni akipiga hodi inabidi wote wajikaze, "Karibu, karibu ndani," huku mtu ana machozi. Ukimruhusu shangazi akapunge upepo ufukweni katikati ya ugomvi, akirudi ugomvi umeshapoa, na ni wewe uliyeupoza.

Waliofanya kazi hii vizuri huko kwingine walilijua hilo. A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry ilipanda jukwaani Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1959 na kuwa filamu mwaka 1961. Inahusu familia iliyobanana kwenye nyumba ndogo ya kupanga Chicago, na sehemu kubwa ya filamu imebaki humo humo ndani. Mbanano wenyewe ndio hoja: wanataka kuhama. Florian Zeller alipogeuza igizo lake la mwaka 2012 kuwa The Father mwaka 2020, habari ya mzee anayepoteza kumbukumbu, hakuhangaika kuwatoa wahusika mtaani. Alichofanya ni kubadilisha vyumba kidogo kidogo, samani na rangi, mpaka mtazamaji naye apotee ndani ya nyumba aliyodhani anaijua. Mabadiliko madogo namna hiyo yanamkaa mtazamaji kwa sababu ni kamera inayomzungusha humo vyumbani.

Kutoka nje si haramu. Kile kiwanja, kwa mfano, jukwaani kilitajwa tu. Tukionyeshwa mara moja, kuna kijana tusiyemjua anachimba msingi, na mwembe wa babu umeshakatwa, hapo safari ya nje imelipa nauli yake.

"Filamu ni picha, kwa hiyo maneno yafyekwe"

Mengine yafyekwe, ndiyo. August: Osage County ya Tracy Letts ilizidi saa tatu jukwaani, filamu ya mwaka 2013, aliyoiandika mwenyewe, ni kama saa mbili. Cha kuangalia ni maneno gani yanaondoka. Yale ya kueleza ("Kama unavyojua, kaka, marehemu baba alituachia kiwanja Bangwe...") yaondoke bila huruma, maana hata jukwaani yalikuwa mzigo. Ila mafumbo ya shangazi usiyaguse. Katika nyumba zetu mtu mzima hasemi "umeniibia". Anauliza bei ya saruji siku hizi. Na salamu pia ni ugomvi tosha. Binti anapita, anamwamkia shangazi "shikamoo", anaitikiwa "marahaba", kisha anampita baba yake bila neno. Kata salamu hizo kwa kuogopa urefu, halafu utalazimika kuandika ukurasa mzima wa kueleza kwamba binti amekasirika.

"Waigizaji wa jukwaani hawafai kwenye kamera"

Denzel Washington na Viola Davis walicheza Fences ya August Wilson jukwaani Broadway mwaka 2010, wakaicheza tena kwenye filamu ya mwaka 2016 pamoja na wenzao kadhaa wa onyesho lile lile. Davis akapata Oscar. Mwigizaji aliyeishi na mhusika kwa maonyesho mengi ana vitu ambavyo sura maarufu iliyoshuka na ndege asubuhi haina. Anachohitaji ni mazoezi ya kupunguza sauti na mikono.

"Nyumba moja, watu watano, itakuwa rahisi"

Wahusika wachache, kweli. Lakini igizo linatokea jioni moja, na jioni hiyo utaishuti kwa siku nyingi. Ungo wa dagaa lazima uwe na kiasi kile kile kila mara; kanga ya mama ifungwe vile vile; kivuli cha ukuta kisiruke. Masika yakianza, bati likipigwa na mvua hakuna maiki itakayokuokoa, na bodaboda hazitangoja shangazi amalize kulia.

Halafu saa. Kigoma iko mbali sana magharibi ya Dar es Salaam lakini saa za ukutani ni zile zile, hivyo jua letu huchelewa kwa takriban dakika 40, kuchomoza na kuzama. Ratiba iliyopangwa Dar ikisema mwanga wa machweo ni saa kumi na mbili na robo, nyie mtakuwa mnaangalia jua bado liko juu ya milima ya Kongo. Ipangeni ratiba mkiwa hapa.

"Igizo lilishachezwa, ni la wote"

Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na kuigeuza kazi yake ni miongoni mwa mambo yanayohitaji ridhaa yake. Kununua kitabu dukani si ridhaa. Kubadilisha majina ya wahusika nako hakusaidii. Shakespeare, aliyekufa mwaka 1616, hamdai mtu. Ila ukitaka kutumia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, kumbuka mfasiri naye ana haki yake, na Mwalimu alifariki mwaka 1999.

Igizo lililotungwa na kikundi kwenye mazoezi ndilo gumu zaidi, maana kila mmoja ana mstari anaoudai. Andikianeni kabla ya siku ya kwanza ya kushuti: nani mtunzi, nani analipwa nini filamu ikiuzwa. Vibali navyo vianze mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha kutengeneza filamu, na Bodi ya Filamu huikagua na kuipa daraja kabla haijaonyeshwa kwa umma, hata kama igizo lenyewe mtaa mzima umeshalikariri.