Babu Jalidi na Binti Theluji: tunayoyakosea kuhusu maigizo ya baridi ya Urusi

Siku za mwisho za Desemba kumbi za maigizo za Urusi hujaa watoto. Igizo lile lile huchezwa mara mbili, hata tatu kwa siku, mpaka likizo ya Mwaka Mpya iishe. Maonyesho haya huitwa yolka, kwa jina la ule mti unaopambwa. Wenzetu waliosoma Moscow, katika chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, walirudi na visa vyake. Ila kisa kikisafiri huchakaa njiani, na yapo makosa ambayo nimechoka kuyasikia.

La kwanza ni kwamba yule mzee mwenye ndevu ni Baba Krismasi aliyefundishwa Kirusi. Anaitwa Ded Moroz, tuseme Babu Jalidi. Joho lake linaburura, mkononi ana fimbo ndefu, na wala hapenyi kwenye dohani watu wakiwa wamelala: anaingia mlangoni, mchana kweupe, na mjukuu wake wa kike. Tena haji Krismasi, anakuja Mwaka Mpya. Hapo pana siasa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 dola ya Kisovieti iliupiga vita mti huo kama masalia ya dini. Tarehe 28 Desemba 1935 gazeti la Pravda likachapa barua ya Pavel Postyshev, mkubwa mmoja wa chama, akitaka watoto warudishiwe mti wao. Ukarudi kweli, lakini kama mti wa Mwaka Mpya, na kileleni nyota nyekundu. Hadithi za jukwaani nazo zikakaa bila hori wala malaika. Zikabaki na msitu, wanyama na wachawi.

Mchawi mkuu ni Baba Yaga, ambaye, msidanganywe na jina, si baba wa mtu. Ni bibi kizee wa kwenye kibanda chenye miguu ya kuku. Baba kwa Kirusi cha zamani ni mwanamke wa kijijini. Mara nyingi yeye ndiye anayeiba zawadi au kuzima taa za mti. Wapo wazazi wanaotaka apunguzwe makali ili watoto wasiogope. Mimi naona huko ni kuwanyima utamu: mtoto aliyelipiwa tiketi amekuja kuogopa akiwa amepakatwa na mama yake.

Kosa kubwa kuliko yote linamhusu yule mjukuu, Snegurochka, Binti Theluji. Watu humdhania msichana wa hadithi za watoto tangu kale. Vipo visa vya kale vya mtoto aliyefinyangwa kwa theluji, lakini huyu wa jukwaani alipata sura yake katika tamthilia ya Aleksandr Ostrovsky, iliyochezwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1873, mwezi Mei, muziki ukiwa wa Tchaikovsky. Mwezi Mei! Ostrovsky mwenyewe aliiita hadithi ya majira ya kuchipua. Humo binti ni mtoto wa Jalidi na mama Majira ya Kuchipua, na hana uwezo wa kupenda. Anamwomba mama yake ampe mapenzi, anapewa, na miale ya kwanza ya jua inamyeyusha mbele ya mchumba wake. Mchumba anajitosa ziwani. Wanakijiji wanaendelea kuliimbia jua. Jaribu kuwachezea hayo watoto wa miaka mitano saa tano asubuhi. Kwenye yolka wakamgeuza mjukuu, wakamvika joho la buluu, na hayeyuki tena.

Theluji yenyewe, basi. Wengi hudhani ni pamba, au barafu iliyokunwa. Siku hizi ziko mashine za povu, lakini njia ya zamani ingali inafanya kazi: karatasi. Vipande vidogo kama ukucha, vilivyotiwa dawa ya kuzuia moto, hulazwa ndani ya kitambaa kirefu kinachovuka jukwaa zima huko juu, kimening'inizwa kama machela baina ya mabomba mawili. Ubavu mmoja una matundu. Fundi akivuta kamba taratibu, bomba linapanda na kushuka, theluji inadondoka chache chache. Akivuta kwa pupa, linaanguka bonge zima utosini mwa mwigizaji. Baada ya onyesho inafagiliwa na kuchekechwa, na fundi mwangalifu huipitishia sumaku ili kutoa pini za nywele na misumari, kisha inapandishwa tena kwa onyesho linalofuata. Kila siku inazidi kuwa na vumbi, na waimbaji wanalijua hilo kooni mwao.

Baridi je? Haipo kabisa. Chini ya taa, ndani ya joho zito, Babu Jalidi anatoka jasho mpaka gundi ya ndevu inalegea.

Husemwa pia kwamba dansi ya baleti ya Mvunja Kokwa ilipendwa tangu siku ya kwanza. Ilianza St. Petersburg Desemba 1892, usiku mmoja na opera ya Iolanta, na wahakiki hawakuridhika. Moja ya manung'uniko yao ni kwamba watoto walijaa mno jukwaani. Umaarufu wake wa kila Desemba ulikuja miongo mingi baadaye, na Marekani ilichangia sana.

Na wanaosema kuigizia watoto ni kazi ya waigizaji walioshindwa kwingine, waende wakajaribu. Mtu mzima akichoshwa hupiga miayo kwa adabu. Mtoto anauliza kwa sauti wanakwenda lini nyumbani. Hawapigi makofi kwa kukuhurumia. Ndiyo maana Petrograd, kama St. Petersburg ilivyoitwa wakati ule, ilifunguliwa ukumbi maalumu wa watazamaji wadogo mwaka 1922, chini ya Aleksandr Bryantsev, wenye waigizaji waliofanya kazi hiyo tu.

Mwisho wa yolka watoto huzunguka mti ukiwa gizani na kupiga kelele: mti, waka! Hauwaki. Babu Jalidi anajifanya kiziwi, anasema hakusikia vizuri. Wanarudia, sauti zinakwaruza. Mara ya tatu fundi wa taa, aliyeweka kidole kwenye swichi tangu mwanzo, anaibonyeza.