Mshumaa haupimi hewa ya duara lililoachwa

Kwenye maduara (mashimo ya machimbo) ya zamani, kama ya Sekenke, Singida, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, wengi huteremsha mshumaa kwa kamba. Ukiendelea kuwaka, wanashuka. Kipimo hiki kinaua.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Mshumaa huzimika ikishuka hadi takriban 16, na hapo akili ya mtu imeshaanza kuyumba. Kibaya zaidi, mwali hauonyeshi kaboni monoksidi, gesi ya sumu ya moshi wa baruti au ya pampu ya petroli iliyowashwa chini. Haina rangi wala harufu: kichwa kinauma, miguu inalegea, unaanguka.

Oksijeni huliwa na mwamba wenyewe. Pairaiti, yale mawe ya njano yanayong'aa ambayo mgeni hudhani ni dhahabu, hushika kutu kwenye unyevu na kuimaliza. Matimba, yaani magogo ya kuegemeza kuta za duara, yakioza hutoa kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, ikatuama chini kabisa.

Teremsha kipima gesi cha kielektroniki hadi chini, ukisimama kila mita chache kisome. Oksijeni ikiwa chini ya 19.5, hakuna kushuka. Mwenzako akianguka, usimfuate. Puliza hewa safi kwa feni na bomba, ita waokoaji wenye mitungi ya hewa.