Bei Tatu za Siagi: Kinachosomwa Hasa Katika Uzamili wa Uchumi wa Kimataifa na Mtangamano wa Ulaya

Wanafunzi wanaoniuliza kuhusu shahada ya uzamili ya uchumi wa kimataifa na mtangamano wa Ulaya mara nyingi huwa wamejiandaa kwa somo jingine kabisa. Wamekariri mikataba, kuanzia ule wa Paris wa mwaka 1951 ulioziunganisha nchi sita katika jumuiya ya makaa ya mawe na chuma, ule wa Roma wa 1957, hadi ule wa Maastricht uliotiwa saini Februari 1992, na wanaweza kukueleza tofauti ya Tume, Baraza na Bunge la Ulaya bila kutafuna maneno. Siwacheki, kwa kuwa mimi mwenyewe niliondoka Dar es Salaam na mzigo huohuo, nikiamini kwamba mtangamano ni ngazi ambayo nchi huipanda kidato kwa kidato, kutoka eneo huria la biashara hadi umoja wa forodha (wanachama hawatozani ushuru, na wote hutoza ushuru uleule kwa bidhaa za nje), soko la pamoja na hatimaye sarafu moja, na kwamba kila kidato cha juu ni bora kuliko kilicho chini yake. Imani hiyo ilidumu wiki tatu.

Katika wiki ya tatu, huko Ubelgiji, mhadhiri wa nadharia ya biashara aliandika ubaoni bei tatu za kilo moja ya siagi. Ya New Zealand hufika katika bandari za Uingereza kwa 100, ya Denmark kwa 120, na ya mfugaji wa Uingereza mwenyewe hugharimu 140. Uingereza inatoza ushuru wa asilimia 30 kwa siagi yote inayotoka nje. Kisha akauliza: Uingereza ikiingia katika umoja wa forodha pamoja na Denmark, kama nchi hizo mbili zilivyoingia kweli katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973, je, Uingereza inapata au inapoteza?

Darasa zima lilijibu kwamba inapata, na kwa upande wa mlaji jibu lilikuwa sahihi. Kabla ya kujiunga, siagi ya New Zealand iliuzwa 130 baada ya ushuru na ya Denmark 156, kwa hiyo madukani ilijaa ya New Zealand. Baada ya kujiunga, ya Denmark inaingia bila ushuru kwa 120 ilhali ya New Zealand imebaki 130, na mlaji anaokoa 10 kwa kila kilo. Mhadhiri akauliza zile 30 za ushuru zimekwenda wapi. Zilikuwa zikiingia hazina ya serikali, na sasa haziingii. Mlaji amepata 10, hazina imepoteza 30, nchi kwa ujumla imebaki na hasara ya 20, ambayo ndiyo hasa tofauti ya gharama kati ya mzalishaji wa Denmark na yule wa New Zealand. Ukitaka kuwa makini zaidi utaongeza faida kidogo inayotokana na watu kununua siagi nyingi zaidi bei inaposhuka, lakini hoja inabaki palepale: nchi imefungua mpaka wake kwa rafiki, na kwa kufanya hivyo imemwacha muuzaji wa bei nafuu ikamfuata wa bei ghali. Jacob Viner, aliyeieleza hali hiyo mwaka 1950, aliitofautisha na ile ambayo biashara mpya huzaliwa. Hii aliiona kuwa ni biashara iliyochepushwa tu.

Halafu mhadhiri alifuta 30 akaandika 50, bila kugusa namba nyingine. Sasa siagi ya New Zealand ni 150, ya Denmark 180, na walaji wanakula ya nyumbani ya 140. Umoja wa forodha ukiundwa, ya Denmark inaingia kwa 120 na kuchukua nafasi ya ile ya nyumbani. Hazina haipotezi kitu kwa kuwa haikuwa ikikusanya kitu, na nchi inaokoa 20 kwa kila kilo. Mshirika ni yuleyule, gharama ni zilezile, mkataba ni uleule, na hasara ya 20 imegeuka faida ya 20 kwa sababu tu ya ushuru uliokuwapo siku moja kabla.

Namba hizo ni za darasani, na mfumo halisi wa Uingereza wa kuagiza siagi kabla ya 1973 haukuwa ushuru mmoja uliosawazishwa namna hiyo. Lakini hofu ya New Zealand ilikuwa ya kweli kiasi kwamba mkataba wa kujiunga wa Uingereza ulibeba itifaki maalumu, ya 18, iliyoihakikishia nchi hiyo kiasi fulani cha siagi na jibini katika soko la Uingereza kwa miaka mitano ya mwanzo. Kwa miaka mingi nimeona kwamba mwanafunzi aliyeelewa itifaki hiyo inatibu ugonjwa gani ameuelewa umoja wa forodha kuliko aliyekariri ibara zote za Mkataba wa Roma. Swali la msingi ni moja tu, nalo hurudi katika kila somo la shahada hii: faida hiyo unayoitaja, unailinganisha na hali ipi?

Kwa muundo wake shahada yenyewe haina maajabu. Nyingi huchukua miaka miwili na alama 120 za mfumo wa Ulaya wa kuhamisha alama za masomo, ambapo alama moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, zikiwamo zile unazokaa peke yako maktaba. Zile zinazogharimiwa na Erasmus Mundus humlazimu mwanafunzi kusoma katika nchi mbili au zaidi. Muhula wa kwanza ni hisabati, uchumi mdogo, uchumi mpana na ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na hapo ndipo wengi wetu tuliotoka vyuo vya nyumbani hutoka jasho, kwa sababu tulifundishwa kueleza mlinganyo kwa maneno mazuri bila kulazimishwa kuukokotoa. Ushauri wangu kwa anayesubiri barua ya ufadhili ni mfupi: acha kusoma historia ya Umoja wa Ulaya, fanya mazoezi ya matriki na ya kutafuta kilele cha fomula yenye masharti.

Somo nililolidharau ni sheria. Niliona haya mwanauchumi kusoma hukumu, mpaka nilipofika kwenye shauri la kileo cha matunda kiitwacho Cassis de Dijon. Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni kwamba kileo cha matunda kisiuzwe kama hakijafikisha asilimia 25 za alkoholi, na Cassis ya Ufaransa ilikuwa kati ya 15 na 20. Hapakuwa na ushuru wowote. Nchi wanachama zilikwisha kuuondoa baina yao tarehe 1 Julai 1968. Hata hivyo chupa haikuweza kuvuka. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba bidhaa iliyotengenezwa na kuuzwa kihalali katika nchi moja mwanachama kwa kawaida haiwezi kuzuiwa katika nyingine, isipokuwa pawe na sababu nzito kama afya ya umma, na hoja ya Ujerumani kwamba kileo hafifu kina madhara kuliko kikali haikuwashawishi majaji. Kuanzia hapo ndipo unaelewa kwa nini mradi mkubwa wa soko la pamoja wa miaka ya 1980, uliolenga mwisho wa 1992, ulihusu viwango, zabuni za serikali na leseni, mambo ambayo hayaonekani katika jedwali lolote la ushuru. Mtu wa forodha wa Namanga au Mutukula aliyewahi kuona lori limesimama kwa ajili ya cheti cha ubora hahitaji kuelezwa mara mbili.

Tasnifu yangu ilihusu Mpango wa Ulaya wa mwaka 2001 unaoziruhusu nchi maskini zaidi kuuza huko kila kitu isipokuwa silaha, bila ushuru wala ukomo wa kiasi. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo. Kenya haimo, kwa kuwa haihesabiwi katika kundi hilo. Niliona hapo nimepata maabara ya asili: majirani wanaouza bidhaa zinazofanana, wamewekwa katika mifumo miwili tofauti. Chombo changu kilikuwa modeli ya mvutano, ambayo Jan Tinbergen aliitumia mwaka 1962 kuonyesha kwamba biashara kati ya nchi mbili hukua kadiri uchumi wao unavyokuwa mkubwa na hupungua kadiri umbali unavyozidi. Watu hudhani imepitwa na wakati, kumbe bado ndiyo jembe la kila siku la mtafiti wa mtangamano, ila ni jembe linalomkata mlimaji asiyeangalia.

Mfano unaofundishwa popote ni wa John McCallum, ambaye mwaka 1995 alikadiria kuwa majimbo ya Kanada yalifanya biashara baina yao takriban mara 22 zaidi ya yalivyofanya na majimbo ya Marekani yenye ukubwa na umbali sawa. Mara 22, katika mpaka wa watu ambao wengi wao wanaongea lugha moja! Mwaka 2003 James Anderson na Eric van Wincoop walionyesha kwamba sehemu kubwa ya namba hiyo ilitokana na kusahau kwamba biashara ya wawili hutegemea pia vikwazo ambavyo kila mmoja anavyo kwa wengine wote. Uchumi wa Kanada ni mdogo na wa jirani yake ni jitu, hivyo kizuizi kidogo mpakani huikuza sana biashara ya ndani ya yule mdogo. Mpaka ulibaki kuwa na uzito, lakini ule wa kutisha ulipungua mno.

Nikijua yote hayo, bado nilijikata. Modeli hukadiriwa kwa logi (logarithimu) za namba, na logi ya sifuri haipo. Katika data zangu, nchi nyingi za Afrika Mashariki kwa miaka mingi hazikuuza chochote cha aina fulani katika nchi fulani ya Ulaya: kahawa ya Burundi kwenda Latvia, sifuri; samaki wa Rwanda kwenda Ureno, sifuri. Programu iliziweka kando safu hizo kimyakimya, nami nikaandika kurasa 30 za matokeo mazuri. Msimamizi wangu hakusoma hitimisho. Aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa jedwali, palipoandikwa idadi ya safu zilizotumika, akaniuliza kwa nini ni chini ya nusu ya zile nilizoanza nazo. Nilikuwa nimepima athari ya mpango wa ushuru kwa wale tu waliokwisha kufanikiwa kuuza. Nilirudia kazi yote kwa njia ya kitakwimu ya Poisson waliyoipendekeza wanauchumi Santos Silva na Tenreyro mwaka 2006, inayozipokea sifuri kama zilivyo, na ile athari kubwa niliyoitangaza ilisinyaa.

Upande wa fedha sitauchambua kwa urefu huo, ingawa ndio unaowavutia wengi. Muhula mmoja niliusomea Prague, na kila nilipobadili euro kuwa koruna dirishani, nikiona pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, nilikuwa nalipa kwa mkono wangu ile gharama ambayo sarafu moja huiondoa. Upande wa pili wa mizani ni ule alioueleza Robert Mundell mwaka 1961: nchi inayoacha sarafu yake inaacha pia uwezo wa kuishusha thamani mambo yakiharibika, na hivyo inahitaji wafanyakazi wanaohama, mishahara inayoweza kupanda na kushuka, au hazina ya pamoja ya kuwabeba walioumia. Ulaya iliandika masharti mengine, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa na deni lisizidi asilimia 60. Mwaka 2007 Hispania na Ireland zilikuwa na ziada ya bajeti na madeni yaliyo chini kabisa ya ukomo huo, zikiwa wanafunzi bora wa darasa, na miaka michache baadaye zote mbili zilihitaji fedha za uokoaji. Maji yalikuwa yameingilia kwenye mikopo ya nyumba na ya mabenki, chini ya riba moja iliyoifaa Ujerumani iliyokuwa inasuasua, lakini ikiwa ya chini mno kwa wao. Wale walioandika itifaki ya umoja wa fedha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Kampala Novemba 2013, waliweka nao asilimia 3 ya nakisi na asilimia 50 ya deni. Lengo la sarafu moja lilikuwa 2024, sasa ni 2031, na sioni sababu ya kulia kwa ucheleweshaji huo.

Siku hizi nafundisha, na zoezi la siagi nimelihamishia kwenye samani. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa nje wa Afrika Mashariki una kiwango cha nne cha asilimia 35, na samani zimo. Wanafunzi hugawana kazi ya kutafuta bei tatu za meza moja: ya fundi wa hapa, ya nchi jirani, na ile ya muuzaji wa nje mwenye bei nafuu kuliko wote. Mbili za kwanza huzipata kwa siku moja ya kuzunguka mtaani na simu kadhaa za Nairobi au Kampala. Ya tatu huwasumbua, kwa sababu wanaitafuta kwenye takwimu za forodha, na huko muuzaji ambaye ushuru umeshamfukuza sokoni ameandikwa sifuri.