Filimbi ya bomba la plastiki sio feki

Kuna watu wanasema filimbi ya bomba haiwezi toa sauti nzuri mpaka iwe ya mwanzi, eti plastiki "haina sauti". Sio kweli jamani. Kinachopiga kelele mle ndani ni hewa, sio bomba, yaani ule upepo unaopasuliwa na ukingo wa tundu la mdomo ndo unatikisa hewa yote iliyomo, kuta zinaishika tu isitawanyike. Ndo maana urefu ndo kila kitu. Ukitaka noti ya 440 Hz (yaani hewa itikisike mara 440 kwa sekunde) hesabu inakupa sentimita 39 hivi toka tundu la mdomo hadi mwisho, ila kiukweli itatoka fupi zaidi maana hewa inajitokeza nje kidogo, kwa hiyo kata refu kwanza afu punguza taratibu huku unapuliza, ukishakata fupi hairudi tena.

Sasa nyingi zinazosikika mbovu tatizo ni tundu la mdomo lina mabaki ya plastiki ukingoni, au kile kizibo cha juu kinavuja, mi naweka kipande cha kandambili kikabane kabisa. Matundu ya vidole nayo: tundu likitoa sauti ya chini kuliko unayotaka lipanue kidogo, sauti inapanda, ila ukizidisha ndo basi tena.

Na ule mtindo wa kutoboa kwa msumari wa moto acha, PVC (plastiki ya mabomba haya) ikiungua inatoa moshi wa asidi unaochoma mapafu. Tumia drili.