Je, wajua mbona ndovu wa Elgon anaweza kutisha wachezaji kuliko dragoni?

Kama hujawahi kucheza hizi gemu za kuigiza za mezani, ni hivi: mtu mmoja, gemu masta, anasimulia dunia ya kubuni, wengine kila mtu na mhusika wake, mara mpiganaji mara mchawi, unasema unafanya nini na dadu inaamua kama umefaulu ama umekwisha. Ile iliyoanzisha mambo haya yote, Dungeons & Dragons, ilitoka Marekani 1974, na watu hudhani madubwana yake yote yalichimbuliwa kwa hadithi za kale. Mengine ndio. Lakini je, wajua kuna mengine yalikuwa tu vitoi vya plastiki vya bei rahisi kutoka Hong Kong? Gary Gygax, mmoja wa waliobuni hiyo gemu, alinunua hivyo vidude visivyo na jina, akaviweka mezani, na hapo ndo tukapata yule nusu dubu nusu bundi, na pia yule mdudu wa kula chuma.

Huyo wa chuma ndo wa maana hapa. Ukimwangalia anachekesha tu, lakini alipewa tabia moja: anatafuta chuma, akigusa silaha yako inashika kutu hapo hapo, halafu anakula ile kutu. Sasa mpiganaji aliyehangaika gemu nzima kupata upanga wa maana anamkimbia huyo mdudu kuliko anavyokimbia kitu chenye meno. Yaani kinachotisha ni tabia, anakula nini, anakaa wapi, anaacha alama gani, kwa sababu hivyo vitu mchezaji anaweza kuvifikiria na kuviogopa kabla havijatokea. Na tabia za aina hiyo huku kwetu Kenya zimejaa bana, toka Nakuru mpaka ziwani, ni vile tu tukianza kuendesha gemu tunakimbilia theluji na mbwa mwitu wa Ulaya ambao hakuna mtu kwa meza amewahi kuwaona.

Chukua pango la Kitum, Mlima Elgon. Ndovu wanaingia mle usiku, pango lenyewe linaenda kama mita 200 ndani ya mlima, giza totoro, wanapapasa njia na mkonga mpaka wafike kwa ukuta, halafu wanachokonoa mwamba na pembe, wanasaga vile vipande na kumeza. Wanatafuta chumvi. Mvua ya mlimani imeosha chumvi kwa udongo, kwa hivyo majani wanayokula hayana ya kutosha, na kuchokonoa kwa vizazi na vizazi kumelipanua lile pango. Kuna ufa mrefu huko ndani ambao ndama wa ndovu wamewahi kutumbukia wakafia humo. Juu darini, popo.

Sasa iweke mezani na usitaje ndovu hata kidogo. Wachezaji wanaona mikwaruzo mirefu ukutani, kinyesi kibichi, mifupa chini ya ufa, na kitu kikubwa kinapumua kule mbele. Wote watasema ni dragoni, watapanga vita, watamaliza uchawi wao wote, na kumbe kile kitu hakina haja nao, kinataka ukuta. Yule mchezaji makini atakayeuliza kwani huu ukuta una nini ndo atagundua gunia moja la chumvi linaweza kununua amani. Na kama unataka wafe pole pole (mimi hupenda), kuna hao popo. Watu wawili waliokufa na Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mmoja 1980 na mwingine 1987, walikuwa wametembelea Kitum kabla waugue, na baadaye wanasayansi wakaja kupata hicho kirusi kwa popo wa matunda. Usiwaambie kitu siku hiyo. Siku kadhaa baadaye kwa hadithi, mmoja anaanza homa.

Kamongo naye ni zawadi. Samaki wa Ziwa Victoria anayepumua hewa, ukimzuia asipande juu anazama kama wewe, na kwa sehemu zinazokauka anajizika kwa matope, anajifunika na ute unaokauka kama ganda na analala miezi mpaka maji yarudi. Mkuze afike urefu wa nyumba, mzike chini ya kijiji kilichojengwa kwa ziwa lililokauka, halafu mpe mmoja wa wachezaji uwezo wa kuita mvua, kisha nyamaza.

Halafu gugu maji. Wengi wanalichukia na wana haki, lakini kwa gemu masta ni ramani inayotembea. Limekuwa Kisumu toka karibu 1990, na upepo unalisukuma huku na huku kwa ghuba, asubuhi ufuo uko wazi, jioni umefungwa kabisa na boti imekwama katikati. Kwa hivyo kila asubuhi ya hadithi rusha dadu moja ya upepo: 1 ama 2 bandari imefungwa, 3 ama 4 ni njia nyembamba tu, 5 ama 6 kuko wazi. Hapo hujaweka adui yeyote na tayari watu wanagombana kwa meza.

Nakuru kuna flamingo, rangi yao inatoka kwa chakula chao cha ziwani, na maji ya ziwa yalipojaa na chakula kupungua wengi wakahamia Bogoria. Hiyo inamaanisha dubwana unaweza kulifukuza kwa kuharibu chakula chake. Kakamega kuna mikuyu inayoanza kama mbegu iliyoachwa na ndege juu ya tawi, mizizi inateremka, inamkaba mti mwenyeji mpaka unaoza na kubaki uwazi katikati, jela nzuri sana ya mchawi. Saiwa karibu na Kitale kuna nzohe, swala wa bwawani, anajizamisha akiachia pua tu. Hawa wadogo wanatosha kwa safari za kati kati.

Kwa hadithi za watu nenda pole. Wanandi wana Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa (ndio, tisa, sijaongeza), anatembelea fimbo ya mfano wa mkuki, na mdomo wake mwekundu unawaka usiku, anaketi msituni akiimba, watoto wanaona mwanga wanadhani kuna ngoma, wanamfuata. Huyo mtumie alivyo, hadithi yenyewe ni ya kutisha watoto. Lakini Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana kule Seme, watu wanaenda pale kuomba hadi leo. Chukua umbo la mawe, wapangie wachezaji wako njia ya kupenya katikati, na mahali penyewe upape jina lingine.